Gita Linapotoweka Ukigusa Swichi: Kusawazisha Sauti za Pikapu

Jumapili moja, katikati ya sifa, kijana mmoja alikuwa akipiga gita la solo kwa pikapu ya shingo, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi karibu na shingo ya gita, sauti nene iliyojaa. Kiitikio kilipoanza akasukuma swichi nafasi moja ili apate ule mlio mwembamba unaometameta, na gita lake likatoweka. Vidole vilikuwa vinacheza, lakini kanisa zima lilisikia kinanda na besi tu. Fundi mitambo akampandishia. Aliporudi kwenye pikapu ya shingo, spika zikalipuka, kina mama wa safu ya mbele wakaziba masikio.

Jumanne akanijia na gita mgongoni. "Fundi, pesa ninazo. Niambie tu ninunue pikapu gani." Nikamwambia aketi kwanza tulipime. Hakununua chochote. Tulibadilishana nyaya mbili mahali, tukageuza skrubu chache, akaondoka na pesa zake mfukoni.

Ninaandika hatua hizi kwa ajili ya wapiga gita wa Nairobi wanaokwama palepale: wa kanisani, wa bendi za hotelini, na wanafunzi wenye gita moja tu ambalo hawawezi kumudu kulibadilisha. Pikapu mpya ni ghali, na ukiifunga juu ya tatizo ambalo hujalijua, tatizo linabaki pale pale. Pima kwanza.

Kujua lipi ni kawaida na lipi ni hitilafu

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mara nyingi mizunguko kama 8,000 kwa pikapu ya koili moja (koili ni huo waya uliozungushwa). Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, waya ule hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoenda kwenye ampu. Uzi hutikisika kwa upana zaidi kadiri unavyosogea mbali na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gita. Kwa hiyo ukichukua pikapu mbili zinazofanana kabisa, ukaiweka moja shingoni na nyingine darajani, ya shingo itakuwa na nguvu zaidi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huizungushia pikapu ya daraja waya zaidi, na ndiyo sababu ya shingo hushushwa chini.

Halafu kuna michanganyiko. Watu wengi hudhani pikapu mbili zikiwaka pamoja sauti itakuwa maradufu. Katika magita mengi pikapu huungwa sambamba, kila moja na njia yake, na zikiungwa hivyo nguvu zao hazijumlishwi. Unapata kitu kilicho karibu na wastani wa zile mbili. Juu ya hapo, kila pikapu inausikiliza uzi mahali tofauti, hivyo baadhi ya masafa hukatana. Ndipo unapozaliwa ule mlio wa nafasi ya 2 na ya 4 kwenye gita la aina ya Stratocaster, lenye pikapu tatu: katika nafasi hizo za swichi pikapu mbili hulia pamoja. Gita hilo lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wakagundua kuwa wakiikwamisha swichi katikati ya nafasi mbili wanapata mlio mpya, na mwaka 1977 Fender, watengenezaji wake, wakaanza kulifunga gita hilo swichi ya nafasi tano kiwandani. Kwa hiyo nafasi hizo kuwa nyembamba kidogo, hata kushuka kidogo, si ugonjwa.

Zikiungwa kwa mfululizo, moja ikifuata nyingine kwenye njia moja, mambo hugeuka: nguvu hujumlishwa, sauti hupanda na kuwa nzito, na ukali wa juu hupungua. Hambaka ya kawaida ni koili mbili zilizoungwa kwa mfululizo ndani ya kasha moja. Ukivuta nobu ya kukata koili, unabaki na koili moja, na sauti lazima ishuke. Hiyo nayo ni kawaida, ingawa kuna njia ya kuipunguza nitakayoieleza mbele.

Kipimo changu ni hiki: rangi ya sauti ikibadilika, swichi inafanya kazi yake. Fundi mitambo akilazimika kukupandisha na kukushusha kila unapoigusa, kuna jambo la kurekebisha.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita ya kawaida inatosha; ukishuka Luthuli Avenue utaipata dukani kwa yeyote anayeuza vifaa vya umeme. Hakikisha ina kipimo cha omu elfu 20. Chukua pia bisibisi ya nyota ndogo, rula ya chuma yenye milimita, na dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi. Chuma cha kulehemia na risasi yake vitahitajika tu ikiwa vipimo vitakuambia hivyo. Seti mpya ya nyuzi ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu uzi uliochakaa hutoa sauti dhaifu na utakufanya uilaumu pikapu isiyo na kosa.

Jambo la usalama: gita la kawaida, likiwa limechomolewa, halina umeme wa kukudhuru. Ampu inaweza kuwa na umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa. Usiifungue ampu kwa sababu ya kazi hii.

Hatua ya kwanza: ondoa kila kitu kinachodanganya sikio

Funga nyuzi mpya na uliweke gita sawa. Toa pedali zote, hasa ya kubana sauti, chomeka kebo moja kwa moja kwenye ampu. Weka sauti safi isiyo na mkwaruzo. Mkwaruzo hubana: pikapu yenye nguvu na iliyo dhaifu zote hugonga dari lile lile na kutoka sawa, halafu ukizima pedali siku ya shoo tofauti inarudi.

Fungua nobu zote za gita mpaka mwisho. Piga kodi moja ile ile, kwa nguvu ile ile, mahali pale pale, ukipita kila nafasi ya swichi. Andika ulichosikia. Usitegemee kujirekodi kwa simu, maana simu nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe ili isikike vizuri, na zitakufichia tofauti unayoitafuta. Kama una kompyuta na kisanduku cha kuingizia sauti, angalia mita ya programu ya kurekodia. Tofauti ya desibeli 6 maana yake umeme unaotoka umepungua hadi nusu.

Sasa sikiliza kwa makini aina ya udhaifu. Nafasi iliyo chini lakini yenye besi na ukali wake wa kawaida ina sababu tofauti na nafasi iliyo chini, imekonda, haina besi, inasikika kama redio ndogo iliyofungiwa kabatini. Ile ya kwanza mara nyingi humalizwa na bisibisi. Ya pili inatupeleka kwenye mita.

Hatua ya pili: pima kwenye ncha ya kebo

Huna haja ya kulifungua gita. Chomoa kebo kwenye ampu, uiache kwenye gita. Weka multimita kwenye omu elfu 20. Kidole chekundu cha mita kiguse ncha ya plagi, cheusi kiguse mwili wake. Nobu za sauti ziwe wazi kabisa. Sogeza swichi nafasi moja moja na uandike namba. Kama gita lako linatumia betri ya volti 9 kwa ajili ya pikapu, njia hii haikufai, na hatua yako ya kwanza ni kubadilisha betri hiyo.

Pikapu ya koili moja kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5.5 na 7 (kilo-omu ni omu elfu moja, kipimo cha ukinzani wa waya). Hambaka ya mtindo wa zamani husoma 7 hadi 9, na zile kali zinaweza kufika 14 au 16. Namba ya kwenye kebo itakuwa chini kidogo ya namba halisi ya pikapu kwa sababu poti ya sauti, ile rezista inayozungushwa na nobu, nayo inapimwa pamoja nayo. Pikapu ya kilo-omu 6.0 yenye poti ya 250 itasoma kama 5.86. Usihangaike na tofauti hiyo.

Unachotafuta ni uhusiano wa namba. Tuseme pikapu zote tatu ni kilo-omu 6. Nafasi ya 1, ya 3 na ya 5 zitasoma kama 5.9 kila moja. Nafasi ya 2 na ya 4, kwa kuwa mbili zimeungwa sambamba, zitasoma nusu, karibu 2.96. Ukiona nafasi ya 2 inasoma 5.9, basi pikapu moja tu ndiyo inayofanya kazi pale, na swichi haigusi ile nyingine. Ukiona nafasi fulani mita inaonyesha 1 ya kuzidiwa, nawe ukiipandisha kipimo unasoma kama kilo-omu 250, unaisoma poti peke yake: waya wa pikapu umekatika mahali. Pikapu iliyokatika huweza bado kutoa sauti ndogo nyembamba, na hili huwapoteza wengi, kwa sababu wanaona inalia, basi wanaamini ni nzima. Ukisoma sifuri, kuna waya unaogusana na mwingine isivyopaswa. Na hambaka inayosoma nusu ya mwenzake, huku ikinguruma kama koili moja, ina koili iliyolala.

Kwa gita la hambaka mbili lenye nobu nne, za kilo-omu 8 na poti za 500, tarajia kama 7.87 kwa kila moja, na kama 3.94 swichi ikiwa katikati.

Niweke wazi jambo ambalo wauzaji huliruka: namba kubwa ya ukinzani haimaanishi moja kwa moja sauti kubwa. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani bila kuongeza mizunguko, na nguvu ya sumaku haionekani kwenye mita kabisa. Tumia namba kulinganisha pikapu za aina moja na kugundua mkatiko, usizitumie kuchagua ya kununua.

Hatua ya tatu: je, pikapu zinapingana?

Hapa ndipo lilipokuwa tatizo la yule kijana. Namba zake zote zilikuwa sawa: 5.9, 2.9, 5.8, 2.9, 5.8. Kila pikapu ikilia peke yake ilikuwa na afya. Zikiungana mbili, besi ilitoweka. Nikamuuliza kama kuna kitu kilichowahi kubadilishwa. Akasema alipolinunua aliambiwa ya kati imewekwa nyingine.

Pikapu mbili zinapokuwa kinyume cha fezi, uzi ukisukuma umeme wa moja mbele, wa nyingine unavutwa nyuma. Zinakatana. Besi hukatika zaidi kwa sababu mitikisiko ya chini inafanana sana kwenye pikapu zote mbili, kwa hiyo kinachobaki ni mabaki ya juu yanayosikika puani.

Jaribio lake ni rahisi na linanifurahisha kila nikimwonyesha mtu. Acha mita na kebo vilevile. Weka swichi kwenye pikapu moja peke yake. Laza bisibisi ya chuma juu ya vichwa vya sumaku vya pikapu hiyo, subiri namba itulie, kisha uinue ghafla huku ukiangalia mita. Namba itaruka mara moja, juu au chini, halafu itarudi. Mita ya kidijitali huchelewa kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo rudia mara tano au sita mpaka uwe na uhakika wa upande. Andika. Nenda pikapu ya pili, ufanye vilevile, vidole vya mita vikiwa pale pale. Kwa gita lile, ya shingo iliruka kutoka 5.83 hadi kama 6.1. Ya daraja nayo ikapanda. Ya kati ikashuka. Kijana mwenyewe alikuwa ameshika bisibisi, akairudia mara tatu, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe hii inavuta upande wake."

Zote zikipanda, au zote zikishuka, fezi ni sawa. Moja ikienda kinyume, umeipata.

Tiba kwa kawaida ni kubadilishana nyaya mbili za pikapu hiyo: uliokuwa kwenye swichi uende mgongoni mwa poti pamoja na nyaya za ardhi (njia ya kurudia umeme), na wa ardhi uende kwenye swichi. Lakini kabla ya kuwasha chuma, sikiliza mngurumo, kwa sababu utakuambia utapata nini. Washa ampu, usiguse nyuzi, weka swichi kwenye mchanganyiko uliokonda. Kama mngurumo upo vilevile, hizo pikapu mbili ni jozi iliyotengenezwa kufuta mngurumo, moja ikiwa imezungushiwa kinyume na sumaku yake kugeuzwa, ila nyaya zimefungwa kichwa chini. Ukizibadilisha utapata sauti kamili na mngurumo utaisha. Kama mngurumo umeisha huku sauti imekonda, basi ni pikapu mbili za aina moja. Ukibadilisha nyaya sauti itajaa, lakini mngurumo utarudi. Mimi ningechagua sauti iliyojaa bila kusita, na mngurumo nikauvumilia.

Tahadhari mbili, tafadhali zisome kabla ya kulehemu. Pikapu ya shingo ya gita la aina ya Telecaster huwa na kofia ya chuma iliyounganishwa na waya wake wa ardhi. Ukibadilisha nyaya bila kuitenganisha, kofia yote itabeba sauti, na kila ukiigusa italia. Kata kile kiunganishi kidogo, kisha uipe kofia waya wake wa ardhi. Ya pili, hambaka nyingi za mtindo wa zamani zina waya mmoja tu uliofunikwa na wavu wa chuma. Wavu huo ndio ardhi na umeshikana na bamba la chini, kwa hiyo haugeuzwi. Hapo ama unazigeuza nyaya za hambaka ile nyingine kama ina nyaya nne, au unampa fundi aigeuze sumaku ya ndani. Sumaku ikigeuzwa, fezi hugeuka.

Hatua ya nne: bisibisi

Ikiwa mita imesema kila kitu ni sawa, tofauti uliyosikia iko kwenye urefu wa pikapu. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, nayo haina gharama.

Bana uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti ya mwisho kabisa, mmoja baada ya mwingine, na upime kwa rula nafasi kati ya chini ya uzi na kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani, Fender hupendekeza milimita 2.4 upande wa nyuzi nene na 2.0 upande wa nyuzi nyembamba. Kwa hambaka, Gibson huanzia kama milimita 1.6 kwenye daraja na 2.4 shingoni. Hapo ni pa kuanzia. Sikio lako ndilo litakalomaliza.

Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuanza kwa kuipandisha ile dhaifu mpaka inakaribia kugusa nyuzi. Sumaku za vijiti zina nguvu. Zikikaribia mno huvuta uzi, na ukipiga juu kwenye freti ya 12 na kuendelea, hasa uzi wa sita, utasikia noti inayoyumba kana kwamba ni noti mbili, na gita halitakubali kukaa sawa hata ukirekebisha daraja siku nzima. Ukisikia hivyo, shusha, usigeuze vigingi.

Mpangilio wangu huanzia darajani, kwa kuwa ndiko kwenye uzi mgumu na sauti ndogo. Naiweka pikapu ya daraja kwenye urefu mzuri ambao haivuti nyuzi, nayo inakuwa kipimo. Kisha naishusha ya shingo robo mzunguko kwa robo mzunguko, napiga, nasikiliza, nashusha tena, mpaka zilingane. Ya kati huja mwisho, na huishia chini kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Baada ya hapo narudi nafasi ya 2 na ya 4. Mara nyingi zimejirekebisha zenyewe, kwa sababu mlio wao mzuri hutokea pikapu mbili zikiwa na nguvu zinazokaribiana.

Mwelekeo wa skrubu: pikapu iliyoning'inia kwenye bamba la mbele au kwenye fremu yake hupanda ukigeuza skrubu kulia. Iliyofungwa moja kwa moja kwenye mbao hushuka ukigeuza kulia. Angalia yako kabla hujazungusha kwa nguvu.

Kisha linganisha nyuzi. Kama nyuzi nene zinafunika, shusha upande wao peke yake. Hambaka zina skrubu ndogo juu ya kila uzi unazoweza kupandisha na kushusha kwa uangalifu. Vijiti vya pikapu za koili moja za zamani usivisukume kamwe: waya umezungushwa moja kwa moja juu yake, na kijiti kikisogea, waya ule wa unywele unakatika, pikapu inakufa mkononi mwako. Kwenye nyingi ya hizo, kijiti cha uzi wa tatu kiko juu kwa sababu enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa. Siku hizi ni wazi, kwa hiyo husikika mkubwa kuliko wenzake. Shusha upande wote kidogo, au ukubali.

Hatua ya tano: swichi na poti

Hapa ni haraka. Kama sauti inashuka na kupanda ukitikisa swichi, au namba za mita zinacheza, kuna uchafu. Jasho la Jumapili na unyevu wa miezi ya masika hufanya kutu nyembamba kwenye vigusio. Puliza dawa ya swichi, sogeza mkono wa swichi mara 30 hivi, uache ikauke. Usitumie mafuta ya kulegezea skrubu zilizokwama. Hubaki ndani na kuvuta vumbi.

Kwa gita la nobu nne, kumbuka kuwa swichi ikiwa katikati nobu moja ya sauti ikifungwa kabisa huua zote mbili. Wengi huniletea wakidai pikapu moja imekufa, kumbe nobu ya pikapu nyingine imefungwa. Kuna namna ya kuunga poti ili kila moja ijitegemee, kwa kubadilishana waya wa pikapu na waya wa kutokea, lakini ukishusha sauti hivyo ukali wa juu hupotea haraka. Mimi huacha ilivyo.

Magita yenye hambaka darajani na koili moja mbili

Haya yanahitaji subira ya ziada, kwa sababu tofauti imejengwa ndani yake. Hambaka huja imara, koili moja zinafuata kwa unyonge. Ishushe hambaka kwanza, zaidi ya unavyoona ni haki, halafu pandisha zile mbili kwa kiasi. Hambaka ikishuka hupoteza nguvu kidogo na hupata uwazi; wengi huishia kuipenda zaidi.

Tatizo la pili ni poti. Hambaka hutakiwa poti ya kilo-omu 500, koili moja hutakiwa 250. Gita likiwa na moja ya 500, koili moja zitakuwa kali za kukwaruza, na ukali huo sikio huusoma kama sauti kubwa. Unaweza kulehemu rezista ya kilo-omu 470 kutoka waya wa koili moja, upande wa swichi, hadi ardhi. Ikifanya kazi pamoja na poti ya 500, pikapu itaona kama 242. Rezista hizo ni za bei ya vocha ndogo, na ni marekebisho yanayoweza kung'olewa bila kuacha alama.

Kwa hambaka inayokatwa koili na kupoteza nguvu mno, zipo njia mbili. Badala ya kuipeleka koili ya pili yote ardhini, ipitishe kwenye rezista ndogo, anzia kilo-omu 2.2, ili ibakize sehemu ya nguvu yake. Au uiweke swichi ya kuziunga koili zake mbili sambamba badala ya kukata moja. Sauti bado itakuwa chini kuliko mfululizo, lakini mngurumo hautarudi. Kwa anayepiga kwenye ukumbi wenye taa za mirija, ya pili ndiyo ningemfungia.

Malizia kwenye bendi

Ukiwa chumbani, pikapu ya shingo itaonekana ndiyo kubwa. Ukiwa na bendi mambo hugeuka. Besi, mkono wa kushoto wa kinanda na ngoma ya mguu hukaa kwenye masafa yale yale ya pikapu ya shingo, nayo humezwa. Pikapu ya daraja, iliyoonekana nyonge nyumbani, hutoboa. Sikio la binadamu ni kali zaidi kwenye masafa ya kati ya juu, na huko ndiko daraja linakoishi.

Wapigaji wa rumba na benga wa mji huu walilijua hili kwa vitendo. Ukisikiliza Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, utasikia gita la solo na gita la kati kila moja likikaa mahali pake, hakuna linalomfunika mwenzake. Huwezi kulifikia hilo kama kila ukigusa swichi gita lako linapanda na kushuka.

Kwa hiyo nenda mazoezini na bisibisi mfukoni. Piga wimbo mmoja mnaoujua wote, pitia nafasi zote za swichi, na mwombe mtu asiye mpiga gita asimame katikati ya ukumbi akuonyeshe kwa mkono: juu, chini, sawa. Yeye hajui pikapu gani inalia, na ndiyo maana neno lake lina uzito. Kwa yule kijana tulipandisha ya shingo nusu mzunguko tukiwa kanisani, baada ya kuwa nimeishusha sana karakana.

Ukiridhika, pima tena kwa rula freti ya mwisho ikiwa imebanwa, uandike milimita za kila pikapu pande zote mbili pamoja na namba za mita, kwenye kipande cha karatasi ya gundi ubandike ndani ya kifuniko cha nyuma. Ukibadilisha unene wa nyuzi, anza tena hatua ya nne ukiwa na karatasi hiyo mbele yako.